Kampuni Moja, Majina Mengi: Jina la Biashara na Swali la Mdaiwa katika Masoko ya Gonja, Same

Gonja, iliyo chini ya miteremko ya mashariki ya Upare wa Kusini, ilijua biashara ya mbali kabla ya kujua sajili. Katika karne ya 19 ilikuwa, pamoja na Kisiwani, miongoni mwa vituo vya misafara iliyotoka pwani kuelekea Kilimanjaro, na mabadiliko ya uchumi wa Upare tangu enzi hizo yamechunguzwa na Kimambo (1991). Katika biashara ya namna ile mdaiwa alikuwa mtu anayejulikana kwa sura na ukoo. Swali la nani hasa anadaiwa lilizuka pale jina la biashara lilipotengana na mwenye mali. Sehemu hii inajenga hoja kwamba sajili ya majina ya biashara iliwekwa ili kulijibu swali hilo, na kwamba jibu lake bado halimfikii mkulima kwa urahisi.

Chimbuko la sajili hiyo ni vita. Mwaka 1916 Uingereza ilitunga sheria ya kuwalazimisha wafanyabiashara wanaotumia majina yasiyo yao kutaja wamiliki na uraia wao, kwa hofu kwamba raia wa nchi adui walijificha katika majina ya Kiingereza. Tanganyika ilipotawaliwa na Waingereza, mali za Wajerumani zilikwisha kutwaliwa kama mali za adui, na mfumo huohuo wa usajili ukaletwa. Sheria iliyotokana nao ingali hai kama Sura ya 213. Chini yake, kampuni inayofanya biashara kwa jina tofauti na lile iliyoandikishwa nalo hupaswa kulisajili jina hilo pia.

Kisheria, hata hivyo, majina hayo hayazai nafsi mpya. Tuseme kampuni moja inanunua mpunga Maore na Ndungu kwa jina moja, inauza pembejeo kwa jina la pili, na inasafirisha tangawizi kutoka milimani kwa jina la tatu. Vyeti ni vitatu, lakini mdaiwa ni mmoja, namba ya utambulisho wa mlipakodi ni moja, na lori la jina la tatu laweza kukamatwa kwa deni la jina la kwanza. Hali hubadilika iwapo mfanyabiashara huyo ameanzisha kampuni tatu. Tangu hukumu ya Salomon (1897) kila kampuni ni nafsi kamili, na deni la moja haliigusi nyingine. Kwa mkulima aliyetoa mpunga kwa mali kauli, tofauti hiyo ndiyo huamua kama atalipwa. Lakini mbele ya mizani, mabango matatu ya jina la biashara na mabango matatu ya kampuni yanafanana.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 swali hili lilififia. Makampuni makubwa ya uagizaji yalitaifishwa na Shirika la Biashara la Taifa likashika nafasi yao. Mnunuzi akawa taasisi ya umma. Ulegezaji wa masharti ya biashara katika miaka ya 1980 uliwarejesha wanunuzi binafsi, na majina mengi yakarejea nao. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) ulianzishwa mwaka 1999, na Sheria ya Makampuni ya 2002 ikaendelea kuitaka kampuni kuweka jina lake kamili nje ya ofisi na katika barua na ankara zake.

Pengo lililobaki ni la mahali. Sajili hujibu anayejua kuuliza, ilhali muamala wa Gonja hufungwa shambani au gulioni, ambako karatasi pekee huenda ikawa stakabadhi yenye jina la biashara tu. Majina mengi si hila yenyewe; hutenganisha bidhaa na wateja bila gharama ya kuunda kampuni nyingine. Hila huanza mdai anapozuiwa kujua yanakokutania. Hivyo basi, lengo la 1916 litatimia Gonja pale jina la kampuni litakapoandikwa juu ya stakabadhi ileile anayopewa mkulima, kando ya jina la biashara, kabla gunia halijapakiwa.