Ushindi 28: Je, Namba Moja Yatosha Kumpima Satchel Paige?

Kwa miaka mingi mrushaji mpira katika besiboli ya Marekani alipimwa kwa namba moja, yaani idadi ya michezo aliyoshinda. Kwa kipimo hicho mkubwa wa wote ni Cy Young, aliyecheza kuanzia 1890 hadi 1911 na kuandikiwa ushindi 511. Satchel Paige aliandikiwa 28 tu. Anayesoma hesabu hiyo peke yake atasema Paige alikuwa mchezaji wa kawaida. Katika insha hii ninaeleza kwa nini sikubaliani naye.

Kwanza, tukitazame kipimo chenyewe. Ili mrushaji aliyeanza mchezo ahesabiwe ushindi, ni lazima arushe angalau vipindi 5 kati ya 9, atoke timu yake ikiwa inaongoza, na wenzake waulinde uongozi huo hadi mwisho. Anaweza kurusha vizuri kabisa na bado akapoteza kwa sababu wapigaji wa timu yake hawakupata pointi. Ushindi ni kazi ya wengi unaoandikwa kwa jina la mmoja.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, namba huanza kuhesabiwa siku mlango unapofunguliwa. Paige alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906. Wenye timu za Ligi Kuu walikuwa wamekubaliana kimyakimya kutowasajili wachezaji weusi. Hali hiyo ilidumu hadi 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers. Kwa hiyo miaka yake ya nguvu Paige aliimaliza katika ligi za Weusi, akiwa na timu kama Pittsburgh Crawfords na Kansas City Monarchs, na katika michezo ya kuzunguka mji hadi mji ambayo mingi haikuwekewa kumbukumbu. Timu ya Cleveland ilimsajili Julai 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao warushaji wengi wamekwisha kustaafu. Hata hivyo, msimu huo alishinda michezo 6, akapoteza 1, na timu yake ikatwaa ubingwa. Zile 28 ni hesabu ya uzeeni.

Wapo watakaosema kwamba tukiziacha namba tutabaki na hadithi. Hoja hiyo ina uzito, maana Paige mwenyewe alipenda kutia chumvi alipojisimulia. Mimi sisemi tuzitupe namba. Nasema tuulize nani alihesabu, alianza lini, na nani aliwekwa nje. Mwaka 2020 viongozi wa besiboli walikubali kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Ushindi wa Paige ukapanda kupita 100. Yeye alikuwa amefariki tangu 1982. Hakurusha mpira mwingine. Kilichobadilika ni daftari.

Jambo hili sisi Waganda si geni kwetu. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania, lakini haikwenda kwa sababu ilinyimwa viza. Katika orodha ya washindi wa mashindano hayo haina hata mchezo mmoja. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakashinda mchezo mmoja. Sifuri ya 2011 haituambii lolote kuhusu mikono ya wale watoto wa kwanza, kama vile 28 isivyotuambia mkono wa Paige ulikuwaje alipokuwa na miaka 25.

Kwa hiyo namba moja ni mwanzo wa swali. Mwanahistoria akiifanya jibu, atakuwa amesaini tena yale makubaliano ya kimyakimya.