Wasomaji wa Buganda

Zamani katika Buganda Mkristo aliitwa msomaji, wala jina hilo halikutolewa bure. Alexander Mackay alipofika huko mwaka 1878, Maandiko ya Kiganda hayakuwapo bado. Alianza kufundisha kwa vitabu vilivyofasiriwa na Edward Steere huko Unguja, kwa Kiswahili. Basi Waganda walilipokea Neno kwa lugha ya wageni, wakajitaabisha kuijua wapate kulisoma.

Taabu haikuwa hiyo tu. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa ajili ya imani yao. Lakini wasomaji hawakukoma, bali walizidi. Ndipo George Pilkington na Henry Wright Duta, pamoja na wengine, wakafanya kazi ya kufasiri hata mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ikawa tayari. Mwaka huo huo Mganda, Apolo Kivebulaya, alikwenda Mboga, katika Kongo, kuwafundisha watu wasio kabila lake.

Hivyo waliopokea kutoka pwani hawakukaa nalo. Nasi walimu, tulio na vitabu vingi kuliko wao, na tujiulize: ni nani aliyejua kusoma Neno kwa ajili yetu?