Treni Mzee, Injini Mpya: Vile Vichwa vya Dizeli Hutolewa Moshi

Ushawahi ona mathree body iko fiti, lakini ikipanda mlima inaachilia moshi hadi wasee wa boda wanaziba pua? Mwenye gari hanunui ingine. Anaenda Kirinyaga Road, anasaka injini ya ex-Japan, mafundi wanaiweka, kesho mathree iko route. Treni pia hufanyiwa hivyo, na kuna sababu inawezekana.

Kichwa cha treni ya dizeli, hata vile vya kuvuta Madaraka Express, injini yake haizungushi magurudumu. Inazungusha alteneta, alteneta inatoa stima, stima inaenda kwa mota zenye ziko huko chini kwa magurudumu. Yaani ni jenereta kubwa inatembea. Ukitoa injini ya kitambo uweke ya kisasa, chuma yote na hata mota zinaweza baki. Chuma ya treni hukaa miaka mob sana. Injini ndio huchoka mapema.

Kesi noma zaidi iko Uingereza. Kati ya 1975 na 1982 walitengeneza InterCity 125, kichwa kimoja mbele na kingine nyuma, speed ya 201 km/h. Kila kichwa kilikuwa na injini ya Paxman Valenta, horsepower 2,250. Mashabiki wa treni waliipenda juu ya mlio wake, lakini ikitoka stesheni ilikuwa inatema wingu la moshi. Imagine hiyo chini ya paa, na wewe uko platform.

Kuanzia 2005, mafundi wa Brush pale Loughborough wakaanza kuweka MTU 16V4000, injini ya Mjerumani. Hii mafuta inaingia silinda kwa presha kali, na kompyuta inaamua saa ngapi na kiasi gani, so inachomeka vizuri na masizi inapungua. Mafuta pia inaenda kidogo. Kufikia mwisho wa 2010, Valenta ya mwisho ilikuwa imetoka kazini. Treni zenyewe zilikula miaka mingine, na 2023 zingine zikapakiwa meli zikaenda Mexico. Mzee hakustaafu!

Mbona hii ikuhusu? 2012, shirika la WHO la utafiti wa saratani lilisema moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wenye huivuta sana ni wafanyakazi wa reli na wasee wanaishi karibu na yadi, penye vichwa vinanguruma mahali pamoja masaa mengi.

Marekani sheria iko hivi: ukirekebisha kichwa cha 1973 kuja juu, lazima kifikie viwango vya moshi. Kampuni zingine, kama Union Pacific, zikaingiza vichwa vyenye injini ndogo mbili au tatu badala ya moja kubwa. Kazi ikiwa kidogo, zingine zinazimwa. Idea kali, lakini injini tatu ni shida mara tatu kwa fundi, na mob ziliishia kuegeshwa.

Na usidanganywe, dizeli ni dizeli. Masizi inashuka, lakini kaboni bado inatoka kwa kila lita inachomwa. Kuimaliza ni kuweka nyaya za stima juu ya reli, na hiyo ni doo ya level ingine.