Magari Yaliyokuja kwa Makreti

Kwa miaka mingi Mkenya akikwambia amepanda nissan, hakuwa na haja ya kuwa ndani ya Nissan. Matatu yoyote ya abiria kumi na wanne iliitwa hivyo, hata kama nembo ya mbele ilisema Toyota wazi kabisa. Kabla ya hapo, ukienda Nakuru au Nyeri ulipanda Peugeot, na hilo jina lilikuwa la kweli: 504 ya familia, abiria wamebanana, mizigo juu, dereva ana haraka kuliko nyinyi wote. Katika majina hayo mawili kuna historia ambayo tunaipita mbio kila tukianza kulia kwamba kazi zimeisha nchini. Peugeot ile kuna uwezekano mkubwa iliunganishwa Mombasa, na watu wenye pesilipu. Nissan ile ilishuka meli papo hapo Mombasa, ikiwa imemaliza maisha yake ya kwanza Japani.

Serikali ya Kenyatta haikupenda magari kuja yakiwa mazima. Katika miaka ya 1970 hesabu ilikuwa hivi: pesa za kigeni ni chache, vijana wanatoka shule bila kazi, na kila Land Rover inayoshushwa bandarini imempa mtu mshahara Uingereza. Basi gari lije vipande vipande ndani ya makreti, na watu wetu waliunganishe. Mwaka 1974 kikaanzishwa kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika. Mombasa wakapata chao, Associated Vehicle Assemblers. Mwaka 1975 General Motors nayo ikaundwa Nairobi, na mwaka 1977 magari yakaanza kutoka katika kiwanda chake cha Mombasa Road. Serikali ilikuwa na hisa kwa vyote vitatu.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Kreti inafunguliwa, vipande vinahesabiwa. Mabati ya bodi yanashikanishwa kwenye fremu ya kuyapanga, mchomeaji anayachoma. Bodi inaoshwa kwa dawa, inapakwa rangi, inapitishwa kwenye tanuri ikauke. Kisha inasukumwa kwenye laini: nyaya, vioo, viti, injini ambayo ilikuja imeshakamilika, gia boksi vilevile, magurudumu. Mwishoni gari linamwagiwa maji kama mvua kuona kama linavuja. Si kazi ya kubuni gari, na kuna wasomi waliokuwa wakiidharau wakisema ni kukaza nati tu. Mimi nadhani walikosea kuangalia. Mtu aliyechoma bodi za Land Rover miaka kumi anajua chuma kwa namna ambayo hakuna darasa linaloifundisha. Tena alikuwa ameandikwa: ana likizo, ana chama cha wafanyakazi, ana makato ya NSSF na kiinua mgongo kinachomngoja. Thika ilijengeka kwa mishahara ya aina hiyo, ya magari na ya nguo.

Nyuma ya laini kulikuwa na watu wengine ambao hutajwa mara chache. Serikali ilidai sehemu fulani zisije ndani ya kreti, zitengenezwe hapa: betri, springi za majani, vioo, viti, rangi, nyaya, egzosi, rejeta, matairi. Firestone ilikuwa na kiwanda Nairobi, na baadaye tairi la Yana likawa jina la nyumbani. Kwa hiyo ukihesabu kazi za magari kwa kuangalia geti la Thika peke yake unapunguza hesabu.

Ila mpango ulikuwa na ugonjwa wake tangu mwanzo. Soko lilikuwa dogo na aina za magari zilikuwa nyingi mno, kila kampuni ya ng'ambo ikitaka nembo yake ionekane barabarani. Huwezi kununua mashine kubwa ya kukanda mabati kwa ajili ya gari ambalo utaliunganisha mamia machache kwa mwaka. Halafu kulikuwa na ujanja wa bei. Ukimwambia muuzaji atoe betri na springi kwenye kreti kwa sababu wewe unazo, anapunguza bei, lakini kidogo kuliko thamani ya alichotoa. Kufunga kreti kwenyewe ni gharama. Hivyo gari la vipande lingeweza kukugharimu karibu sawa na gari zima, na bado hujalipa mshahara hata mmoja. Kilicholinda viwanda ni leseni: bila kibali hukuweza kuagiza gari, na pesa za kigeni uliziombea Benki Kuu. Mnunuzi ndiye aliyebeba mzigo huo. Mwalimu wa shule ya msingi mwaka 1985 hakuwa na gari, na hakutarajia kuwa nalo. Tusisahau hilo tunapoanza kuwasifu wazee.

Katikati ya hayo ndiyo ikaja ndoto ya Nyayo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa baya na la polepole. Wengi hucheka hapo. Wahandisi hawakucheka. Walichora, wakapeleka kazi ya kuyeyusha na kumimina vyuma kwenye karakana za reli, na mwaka 1990 magari machache ya majaribio yakaonyeshwa hadharani. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Karakana iliyobaki ikageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, ambayo bado ipo Nairobi. Ninachoona katika kisa hiki ni kwamba mashine za kumimina vyuma zilikuwepo, na watu waliojua kuzitumia walikuwepo, kwa sababu reli ilikuwa imewafundisha. Gari la Nyayo lilikosa soko, na muda nao haukuwa upande wake. Miaka mitatu baadaye mlango ulifunguliwa.

Mwaka 1993, wafadhili wakiwa wamefunga mifuko na Benki ya Dunia pamoja na IMF wakishika masharti, Kenya iliondoa vizuizi vya pesa za kigeni na leseni za uagizaji. Shilingi ilikuwa imeanguka vibaya. Na upande wa pili wa dunia kulikuwa na nchi tajiri inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, yenye sheria ya ukaguzi inayofanya gari la miaka kadhaa kuwa ghali kuliweka barabarani. Mjapani alitaka kuliondoa, na Mkenya alitaka kulipata. Katikati wakajipanga mawakala wa Yokohama, wafanyabiashara wa Dubai, na vijana wa Mombasa wa kutoa magari bandarini. Mtumba ulikuwa umezoeleka kwenye nguo. Sasa ukaja na magurudumu manne.

Sheria ya kwamba gari lisizidi umri wa miaka 8 ilikuja kuweka mpaka, lakini haikuzuia mafuriko. Gari zima lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa miaka mingi, huku vipande vya kuunganisha vikisamehewa, na bado mtumba ulishinda kwa bei. Magari madogo ya kuunganishwa yakafa karibu yote. Leyland Kenya ilikuwa imeshabadili jina kuwa Kenya Vehicle Manufacturers mwaka 1989. Laini zake zikapoa, wafanyakazi wakapunguzwa kwa awamu. Peugeot ya Mombasa ilijikokota hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Viwanda vikajificha kwenye malori, mabasi na pikapu nzito, kwa sababu hapo mtumba haukuwa na nguvu sana na serikali ilikuwa mteja.

Ni rahisi hapa kusimulia kwamba Mzungu na Mjapani walitumaliza. Lakini hebu fuata makreti yale kurudi yalikotoka. Leyland ilikuwa fahari ya Uingereza. Mwaka 1975, wakati Thika inajipanga, serikali ya London ilibidi kuichukua isife. Ikakatwakatwa. Land Rover ikaenda kwa BMW mwaka 1994, kwa Ford mwaka 2000, na kwa Tata ya India mwaka 2008. Longbridge, kiwanda kilichowahi kulisha mji mzima kando ya Birmingham, kilifungwa Aprili 2005 na watu wapatao 6,000 wakaambiwa warudi nyumbani; mali zake zilinunuliwa na Wachina. Mchomeaji wa Thika na mchomeaji wa Longbridge hawakujuana, ila walipoteza kazi kwa wenye mali walewale. Tofauti ni kwamba wa Longbridge alikuwa na bima ya serikali ya kumshika mkono siku ya kwanza. Wa Thika alirudi shambani Murang'a, au akatafuta kibanda.

Mwaka 2017 somo lilijirudia kwa upana zaidi. General Motors iliamua kujikunja. Ikauza Opel huko Ulaya, ikatangaza kutoka Afrika Kusini, ikafunga kiwanda cha Holden karibu na Adelaide, na Australia ikabaki haitengenezi magari tena. Mwaka huohuo iliiuzia Isuzu hisa zake za Nairobi. Adelaide watu walilia mbele ya kamera. Mombasa Road kilibadilika kibao cha getini tu, kazi ikaendelea, maana malori yaliyokuwa yakitoka mle yalikuwa Isuzu tangu zamani. Mara moja moja udogo wetu hutuokoa.

Na kile kibanda? Hapo ndipo hesabu inakuwa ngumu, na hapo ndipo sikubaliani na wanaosema mtumba uliua kazi, nukta. Magari yalipoongezeka, waliohitaji kuyatunza waliongezeka nayo. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ilijaa maduka ya spea. Kila mtaa ulipata mekanika, mpiga bodi, mpaka rangi, fundi wa nyaya, kijana wa pancha. Kariobangi Light Industries na Industrial Area zikashika kazi ya kujenga bodi za matatu: chesisi ya Isuzu inatoka Mombasa Road ikiwa mifupa mitupu, halafu mafundi wa mabomba na mabati wanaivalisha bodi, viti, taa, spika na michoro. Ukitaka kuona mahali ambapo Wakenya wanatengeneza gari kweli, wanapima kwa macho na kukata kwa mkono, ni hapo.

Lakini kazi ilibadilika sura ilipohama. Fundi wa jua kali halipwi akiugua. Hana pensheni. Kijana anajifunza chini ya mzee bila cheti, na pengine bila malipo mwaka wa kwanza, akilishwa chai na chapati. Siku askari wa kaunti wakibomoa kibanda, gereji imeisha. Na alichojifunza kwenye kabureta hakikumsaidia sana Wajapani walipohamia injini za kompyuta. Ikabidi wachange wanunue mashine ya kusoma makosa, au wamlipe mwenye nayo. Kazi zipo nyingi kuliko zilizokuwepo geti la Thika, nina hakika na hilo. Uzito wake ndio haulingani.

Wauza vipande nao hawakupona wote. Mwaka 2016 Sameer Africa, waliokuwa wamerithi kiwanda kile cha Firestone, waliacha kutengeneza matairi Nairobi. Matairi ya kutoka Asia yalikuwa rahisi zaidi. Gari la mtumba halihitaji springi ya Nairobi, linakuja na yake. Na likichoka, kuna spea iliyotolewa kwenye gari lingine la mtumba.

Tangu hapo kumekuwa na kurudi kwingi kwa mbwembwe. Desemba 2016 Volkswagen ilirejea Thika na Polo Vivo, makreti safari hii yakitoka Afrika Kusini, na 2017 Peugeot ikarudi pia, Thika vilevile. Yakatoka machache. Bei ya Polo mpya ingekununulia Toyota ya mtumba kubwa kuliko hiyo na chenji ikabaki, sasa nani angekubali? Rasimu ya sera ya magari ilipendekeza umri wa mtumba ushushwe kutoka miaka 8. Waagizaji wakapiga kelele, na mnunuzi wa kawaida akawa upande wao. Mobius, lililobuniwa hapa kwa barabara za hapa, lilitangaza mwaka 2024 kwamba linafunga, kisha likapata mwenyewe mpya.

Sasa makreti yanatoka China, na ndani yake kuna mabasi ya umeme. Ya BasiGo yameunganishwa Mombasa na Thika, kwenye majengo yaleyale ya miaka ya 1970, na vijana waliovaa ovaroli mle ndani wameandikwa kazi, jambo ambalo si dogo. Nimejaribu kulinganisha basi hilo na ile orodha ya zamani ya sehemu ambazo serikali ilidai zitengenezwe hapa. Basi la umeme halina egzosi. Halina filta ya oili, halina tangi la dizeli, halina klachi ya kubadilishwa Kirinyaga Road. Springi, vioo na viti bado vinahitajika. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote ndani yake, na Nairobi tumetengeneza betri za magari kwa miongo mingi, ila za risasi na asidi. Hii ya basi inakuja imefungwa, tayari, ndani ya kreti.