Azimio la Musoma na Mafundi Redio

Ndugu msomaji, historia ya nchi yetu tumezoea kuisoma kupitia maazimio. Tunalijua la Arusha la mwaka 1967, na tunalijua la Musoma la Novemba 1974. Hili la pili sisi watu wa Mara hulitaja kwa majivuno, maana Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa hapa kwetu ikaamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asikimbilie chuo kikuu bali akafanye kazi kwanza. Kiini chake kilikuwa kimoja: kichwa na mkono visomeshwe pamoja.

Lakini mwaka ule ule wa 1974 ilitoka amri nyingine ambayo hakuna aliyeitungia ngonjera. Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Kwa hiyo mwaka mmoja ulituambia tujifunze kwa mikono, na mwaka huo huo ukatunyima baadhi ya vitu ambavyo mikono ya dunia nzima ilikuwa inaanza kujifunzia. Nataka kueleza jinsi maamuzi hayo mawili yalivyokutana kwenye meza ya fundi redio, na kwa nini mimi, niliyezaliwa miaka mingi baadaye, nililazimika kwenda kwenye meza hiyo hiyo ili nijenge chombo cha muziki.

Tusiwalaumu wazee bure. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulipiga, na pesa za kigeni zilitakiwa kununua chakula. Nchi yenye njaa hainunui kompyuta. Hata hivyo tulilipa gharama yake. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Mlango wa biashara ulianza kulegezwa mwaka 1984, na hapo katikati mtu aliyependa mambo ya umeme na sauti alikuwa na kitu kimoja tu cha kufungua na kuchungulia ndani: redio.

Na redio, bwana, haikuwa kitu kidogo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifundishwa redioni, watu wamekaa vikundi vikundi chini ya mti wakisikiliza. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo. Habari za vita na Idi Amin mwaka 1978 watu walizisikia redioni. Sasa fikiria kijiji kama Butiama enzi hizo, au vijiji vya Bunda kuelekea ziwani. Redio ikiharibika, si burudani tu iliyokufa. Mwalimu amekuwa bubu. Betri zikichoka watu walizianika juani, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Lakini transista ikiungua, jua halisaidii. Anatafutwa fundi.

Fundi huyo alijifunzia wapi? Wachache walipita shule za ufundi, na Musoma tulikuwa nayo. Wengine walijifunza jeshini, wengine kwa kozi za posta, na wengi zaidi kwa kukaa kwenye benchi la fundi mwingine na kuangalia. Vipuri havikupatikana, kwa hiyo redio tatu mbovu zilizaa redio mbili nzima. Volyumu ya hii ikahamia kwa ile, spika ya ile ikahamia kwa nyingine. Mimi naona hao ndio waliotekeleza Azimio la Musoma kuliko watu wengi waliolihutubia.

Sasa niseme kuhusu chombo changu. Kinaitwa sinthesaiza, na hii yangu ni ya moduli, yaani imegawanywa vipande vipande. Kipande kimoja kinatoa mlio. Cha pili ni chujio, kinapunguza ukali wa mlio huo. Cha tatu kinakuza au kufifisha sauti. Cha nne kinaamua sauti ipande haraka au polepole na izimike vipi. Hakuna kipande kinachojua wimbo. Wewe mwenyewe unaviunganisha kwa nyaya fupi, na ukibadilisha nyaya umepata chombo kingine.

Wamarekani wawili, Robert Moog na Don Buchla, kila mmoja kivyake, walijenga mitambo ya namna hii katikati ya miaka ya 1960. Ujanja wao mkubwa ulikuwa kuongoza sauti kwa volti. Kwa kipimo alichokitumia Moog, ukiongeza volti moja mlio unapanda oktavu moja, na kipimo hicho wengi wanakitumia mpaka leo. Mwaka 1995 Mjerumani Dieter Doepfer akaleta mfumo wa moduli ndogo ambao mafundi wa nyumbani duniani kote wameufuata. Lakini mtu asikudanganye kwamba Afrika ilikuwa imelala. Mwaka 1944, Cairo, Halim El-Dabh alirekodi sauti za sherehe ya zaar kwenye mashine ya waya, akazichezea na kuzigeuza mpaka zikawa muziki mpya. Wakati huo Moog alikuwa mtoto wa miaka 10.

Mimi sinthesaiza ya dukani siiwezi, na kuiagiza ulaya ndiyo kabisa. Ila nilipochora saketi zake kwenye daftari, niliona jambo. Vifaa vilivyomo ni vile vile vya redio na amplifaya: rezista, kapasita, transista, volyumu, na vidude vyeusi vyenye miguu minane au kumi na minne. Kitoa mlio rahisi kabisa kinataka kidude kimoja cha aina ya 40106, rezista moja na kapasita moja. Nikajiambia, kama ni hivyo, mali ipo Mara.

Kukusanya kulinichukua miezi. Transfoma ya volti 12 mara mbili niliipata Bunda, kwenye amplifaya ya zamani ambayo mwenyewe alikuwa anaitumia kuzuia mlango wa banda usifungwe na upepo. Butiama, familia moja ilinipa sanduku la redio za babu yao, mbili za mbao na nne za plastiki, na humo nikatoa volyumu na swichi. Vidude vyeusi niliviagiza kwa watu wanaopita Sirari kwenda Nairobi, maana Luthuli Avenue ni karibu na sisi kuliko Kariakoo. Kuna vingine nilinunua duka moja, silitaji, vikawa vimeandikwa namba ya kidude kizima ilhali ndani hamna kitu. Tangu hapo kila kidude nakipima kwenye kibao cha majaribio kabla ya kukilehemu.

Ndipo nilipompata mzee wangu. Ni fundi redio ambaye amekaa Musoma mjini miaka zaidi ya 40, na meza yake haiko mbali na soko. Nilipomwonyesha michoro aliitazama muda mrefu, akaniuliza, "Hii kijana, mbona ni redio iliyochanwa?" Nikamwambia ndiyo mzee, ni hivyo hasa. Akacheka, akasogeza kiti.

Kwake nilijifunza kutafuta ubovu. Vitabu vinakuambia upime kila mahali. Mzee anaanzia kwenye spika, anarudi nyuma hatua kwa hatua. Anagusa mguu wa katikati wa volyumu kwa ncha ya bisibisi, kidole kikiwa kwenye chuma. Spika ikinguruma, basi kuanzia hapo kwenda mbele ni salama, na ugonjwa uko nyuma. Anasogea hatua moja nyuma, anagusa tena. Pale ngurumo inapokosekana, amefika kwa mgonjwa. Kazi hiyo anaifanya kwenye vyombo vya volti ndogo tu. Kwenye umeme wa ukutani haweki kidole, na mtu asijaribu. Nilipoleta sinthesaiza hatukubadili kitu. Kila moduli ni hatua moja ya redio, na inaumwa peke yake, inatibiwa peke yake.

Siku moja mtambo wote ulianza kuvuma, mmmm mfululizo, kila moduli. Mimi nilikuwa tayari kukagua nyaya za ethi, maana ndizo zinazosifika kwa uvumaji. Mzee hakuinuka. Akasema, "Hiyo si ethi. Ethi inalia kama dume. Hii inalia kama ndama." Akachukua kapasita nzima, akaishika juu ya ile kubwa ya kwenye umeme wa mtambo, miguu kwa miguu, kama mtu anayemwazima mwenzake nguvu. Uvumaji ukakata. Ile ya kwanza, iliyotoka kwenye amplifaya ya Bunda, ilikuwa imekauka ndani kwa uzee.

Hebu tuangalie alichokisikia. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na ethi mbovu huvuma kwa masafa hayo hayo. Lakini umeme ukishapita kwenye dayodi nne, kila nusu ya wimbi inageuzwa upande mmoja, kwa hiyo mapigo yanakuwa 100. Kapasita ikikauka, mapigo hayo 100 ndiyo yanayovuja. Kati ya 50 na 100 ni oktavu moja kamili. Nilipima baadaye kwa programu ya simu, ikaonyesha 100. Mzee hajawahi kusoma neno oktavu popote. Analijua kwa sikio, kwa sababu redio zimemlilia miaka 40.

Tatizo la pili lilikuwa joto. Mtambo ukiupatanisha usiku, saa saba mchana umeshapotea. Moyo wa kitoa mlio cha volti ni transista mbili pacha, na kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi kipimo chake huhama kwa karibu theluthi moja ya asilimia. Chini ya bati, Musoma, hiyo si mchezo. Dawa yake ni kuchagua transista mbili zinazofanana kabisa kwa kuzipima nyingi, kuzigandisha pamoja ili ziwe na joto moja, na kuweka jirani yake rezista maalumu inayobadilika kwa joto ili irudishe kile kilichohama. Mzee alileta mkebe wa transista za zamani, tukapima jioni nzima tukapata jozi nne. Rezista ile maalumu hatukuipata, kwa hiyo mpaka leo napatanisha kila kabla ya kupiga. Mpiga iritungu wa Kikurya naye hukaza nyuzi zake nane kabla ya kuanza, na hakuna anayemwambia chombo chake ni kibovu.

Huenda msomaji anasema haya ni michezo ya kijana mmoja. Tazama ng'ambo ya ziwa. Kampala yuko Brian Bamanya, anayejiita Afrorack. Naye aliona bei za ulaya, akaacha, akaanza kujenga moduli zake kwa vipuri vilivyopatikana mjini kwake na michoro ya kwenye intaneti. Mwaka 2022 lebo ya hapo hapo Kampala iitwayo Hakuna Kulala ilitoa albamu yake. Ziwa ni lile lile ambalo meli za enzi za Jumuiya ya kwanza zilipita, Musoma, Mwanza, Kisumu, Port Bell, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Zilikuwa zikibeba pamba na abiria. Leo ujuzi unaweza kupita njia hiyo bila hata meli.

Sasa linaloniumiza ni hili. Kazi ya fundi redio inaisha. Simu za leo ndani zina vipande vidogo kuliko punje ya ulezi, na nyingi zikifa zinatupwa. Redio za zamani zinauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, na transfoma inapasuliwa kutoa shaba. Mzee wangu ana madaftari matatu ya shule aliyochora kwa mkono saketi za kila redio aliyoifungua, na pembeni ameandika ugonjwa wake na dawa yake. Watoto wake wanataka chumba, na sanduku lile linawabana. Hawana ubaya, chumba kinahitajika kweli. Nimeshanakili daftari moja. Mawili bado.

Mwaka 1974 tulikosa vyombo, tukawa na mikono. Leo vyombo vinaingia kila siku kupitia Sirari na bandarini, na mikono ndiyo tunayoitupa kwenye mizani ya chakavu. Walimu wa ufundi na wa muziki wangeweza kufundisha fizikia nzima ya umeme na sauti kwa redio mbovu kumi na mzee mmoja wa kuzifungua. Hilo halihitaji mkutano wala azimio jipya. Na wewe ndugu msomaji, kama Bunda, Butiama, Tarime au kwenu yupo fundi wa namna hiyo, nenda na daftari na kalamu, ukae kwenye benchi lake. Usisubiri matanga ndipo uulize lile sanduku limekwenda wapi.