Mchuzi wa Kuku: Kutoka Bahari ya Hindi Hadi Sinia ya Futari



Kila Ramadhan ikikaribia, maneno sokoni huwa ni yale yale: vitu vimepanda. Nazi imepanda, nyanya imepanda, na kuku ndiyo usiseme. Mama afungua pindo la leso, ahesabu, afunga tena. Na sisi vijana, hasa tulio vyuoni na tunaokaa vyumba vya kupanga, twajitia imani kwamba futari bila ya mapaja makubwa ya kuku kwenye sinia si futari ya kumkaribishia mtu. Kuna hata majirani wanaoacha kualikana kwa kuona haya ya mchuzi mwepesi.

Makala haya yataka kulitazama jambo hili kwa jicho la historia. Hebu tuulize: huu mchuzi wa kuku tunaoupenda umetoka wapi, na ulikuwa na kazi gani?

KUKU NI MGENI WA ZAMANI

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Asili yake ni ndege wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, na huko ndiko alikofugwa mwanzo. Alisafiri na watu, kwa nchi kavu na kwa majahazi, mpaka akafika kwetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Minazi nayo iliingia pwani hii kwa njia ya bahari. Ndiyo kusema, vitu viwili tunavyovihesabu kuwa vya kwetu kabisa, kuku na nazi, vyote viliwahi kuwa wageni.

Katika dini yetu kuku ana kumbukumbu yake pia. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alimwita mtu aje ale kuku, yule mtu akasita, na Abu Musa akamweleza kwamba yeye alimwona Mtume (S.A.W.) akila kuku. Na kuhusu mchuzi wenyewe, katika Sahihi Muslim Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, kisha awaangalie majirani zake. Zingatia hapo, ndugu yangu. Hakuambiwa azidishe nyama. Aliambiwa azidishe maji! Kitu kidogo kinachowafikia wengi kimepewa daraja.

IBN BATTUTA ALIKULA NINI?

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri kutoka Tanja, Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani hii. Mogadishu alikaribishwa nyumba ya wageni na akaeleza chakula alichowekewa: wali uliopikwa kwa samli, umetiwa kwenye sahani kubwa ya mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyowekewa achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Yaani karibu miaka 700 iliyopita, sinia la pwani lilikuwa tayari na sura unayoijua wewe: wali chini, kitoweo juu, achari pembeni.

Lakini alisema na jambo jingine. Alistaajabu kuwa mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha watu kadhaa wa kwao, na kwamba ni wanene mno. Basi suala la israfu si la leo! Alipofika Mombasa, ambako alilala usiku mmoja tu, aliwasifu watu kwa dini na wema, na akaandika kuwa chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka kwingine. Msikiti hata hivyo ulikuwa umejengwa vizuri. Tusidhani kwamba kula chakula cha kawaida kuliwapunguzia heshima.

MAJINA YASIMULIA SAFARI

Ukitaka kujua viungo vimepita wapi, sikiliza majina yake. Bizari ni neno la Kiarabu. Karafuu ni qaranful ya Kiarabu. Mdalasini watokana na dar-chini ya Kiajemi, yaani mti wa Uchina. Pilipili manga imeitwa hivyo kwa sababu Manga ni Uarabuni, ingawa yenyewe yalimwa Malabar, India. Watu waliipa jina la nchi ya aliyewauzia. Manjano na tangawizi ni za zamani zaidi: huko India ya kaskazini, wachunguzi wamekuta chembe zake kwenye vyungu vya kupikia vya zaidi ya miaka 4,000. Na mjini Baghdad, katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq aliandika kitabu kizima cha mapishi, Kitab al-Tabikh.

Sasa jiulize: nyanya iko wapi katika haya? Haipo. Nyanya, viazi na pilipili kali zote zimetoka bara la Amerika, na hazikujulikana upande huu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ile pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa hii pilipili mbuzi yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na baada ya hapo Wareno waliitawala pwani kwa mabavu, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mpaka Waomani walipoiteka mwaka 1698. Mimea ya Amerika ilienea katika Bahari ya Hindi katika zama hizo. Adui aliondoka, na pilipili ikabaki jikoni. Kwa hiyo anayesema mchuzi wetu "ni wa Waarabu tu" au "ni wa Wahindi tu" hajautazama chungu vizuri.

VIUNGO NA JASHO LA WATU

Ndugu msomaji, historia ya kweli haifichi machungu. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Zilistawishwa Unguja na Pemba katika karne ya 19, zama za Seyyid Said, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Upande wetu pia, Malindi na Mombasa, mashamba ya nafaka na minazi yalitegemea watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na huku kwetu hali ya utumwa haikufutwa kisheria ila mwaka 1907. Tunapotia karafuu mbili kwenye chungu, tukumbuke kuwa rahisi yetu ilikuwa ghali kwa wengine.

Kisha ikaja reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walifariki na takriban 6,700 wakabaki. Mfanyabiashara Mwislamu wa Karachi, A. M. Jeevanjee, alikuwa na mkataba wa kuwaleta wafanyakazi na kuwapatia chakula. Pamoja na wenye maduka waliofuata njia ya reli, bizari na chapati zikafika hadi bara.

Na hilo neno kari? Latokana na Kitamil. Waingereza walilichukua wakaliita kila mchuzi wa India hivyo, na mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha London mapishi ya kari ya kuku. Mwaka 1810 mzaliwa wa Patna, Sake Dean Mahomed, akafungua mkahawa wa chakula cha Kihindi hapo hapo London. Haukudumu, mwaka 1812 akafilisika, manake wateja walikuwa wachache na gharama nyingi. Hata mpishi hodari lazima ajue hesabu.

KUKU ALIPOKUWA HESHIMA

Kwa bibi zetu kuku hakuwa chakula cha kila siku. Kuku alitaga, aliangua, aliuzwa mtoto akiugua. Alichinjwa Idi au mgeni akija, na ndipo wazee wakasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wasemavyo pia, kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Kwa hivyo siku achinjwapo alikatwa vipande vidogo, na mchuzi ukawa mwingi, ili kila mkono upate ladha.

Kuku wa gredi alibadilisha mambo. Marekani, mashindano makubwa ya kutafuta kuku wa nyama nyingi yalimalizika mwaka 1948, na mbegu za namna hiyo zikaenea duniani. Hapa Kenya kampuni ya Kenchic ilianzishwa mwaka 1984. Kuku akawa karibu, nasi tukasahau ule ufundi wa kumgawa. Shida yetu ya leo si umaskini peke yake, ni usahaulifu.

CHUNGU CHA WATU WANANE

Basi turudi jikoni. Sitataja bei, kwani bei hubadilika kila wiki. Kwa watu wanane wahitaji kuku mmoja, viazi kilo moja, nazi moja kubwa, vitunguu vitatu, nyanya nne, thomu, tangawizi kidole kimoja, kijiko kimoja cha bizari ya mchuzi, nusu kijiko cha manjano, ndimu moja na dania.

Mkate kuku vipande kumi na sita. Shingo, mgongo na miguu usivitupe. Vichemshe kwanza kwa maji na chumvi kwa nusu saa upate supu, humo ndimo iliko ladha ya bure. Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha tia maji kwenye chicha ukamue tui la pili.

Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo na moto wa wastani mpaka viwe rangi ya kahawia. Usiharakishe hapa, kwa sababu kitunguu kilichoiva vizuri ndicho kitakachoufanya mchuzi uwe mzito. Tia thomu na tangawizi iliyopondwa, kisha bizari na manjano, ukoroge kama dakika moja. Bizari hutoa harufu yake ndani ya mafuta. Ukiitia kwenye maji hubaki na ladha ya unga. Tia nyanya, zipike mpaka mafuta yajitenge. Hapo weka kuku, mgeuze geuze, halafu mimina supu na tui la pili. Kuku wa gredi huiva kwa dakika 35 hivi. Wa kienyeji mpe saa moja na zaidi. Viazi vitie zikisalia dakika 20. Mwisho kabisa tia tui zito, koroga polepole kwa moto mdogo, usiache lichemke sana lisije likakatika. Epua, kamua ndimu, nyunyiza dania.

Kila mtu atapata vipande viwili, viazi, na mchuzi wa kutosha kulowesha wali au chapati. Na akibisha hodi mtu wa tisa, una supu: ongeza upawa mmoja.

Vijana wenzangu, msimwache jirani kwa sababu ya mchuzi mwepesi. Mchuzi huu umevuka bahari, umepita vita na utumwa na reli, na katika safari yote hiyo kazi yake haikubadilika: kidogo kilichopo kiwatoshe waliokaa. Leo kabla ya adhana ya Magharibi, mpe mtoto bakuli apeleke nyumba ya pili. Lisiwe limejaa, si neno. Lifunike tu vizuri, na lifike likiwa na moto.

Allah (S.W.) azikubali funga zetu. Wabillahi tawfiq.