Plake ya remorke ikifutika ao kupotea: ufanye nini?

Kwenye barabara ya taifa nambari 2, toka Goma kupitia Rutshuru mpaka huku kwetu Kiwanja, remorke ndiyo inakula vumbi yote ya kamiyo. Plake yake iko nyuma, chini kabisa. Mawe inairukia, matope inakauka juu yake, na siku ya kupakua dereva anarudi nyuma mpaka anagonga ukuta wa depo. Nambari inafutika, ao plake yote inabaki njiani, na mwenyewe anakuja kujua kwenye bariere.

Wengi wanafikiri plake ya kamiyo inayovuta inatosha. Hapana. Remorke iko na nambari yake ya shasi, plake yake na karte roze yake. Leo inavutwa na kamiyo hii, kesho na ingine. Karatasi yake ikipotea, siku ya kuuza ao ya kesi utabaki na maneno ya majirani tu.

Kwa hiyo, mbele ya kukimbilia ofisi, anza na chuma. Osha fremu, tafuta nambari ya shasi iliyopigwa pale, weka karatasi juu na usugue na kreyo mpaka nambari itokee. Linganisha na karte roze ao fotokopi yake. Kama alama moja inatofautiana, sema mapema, kwa sababu hapo ndipo dosye inakwama.

Plake ikiwa imefutika tu, usiitupe: ile ya zamani ndiyo inaonyesha kwamba haikuuzwa. Ikiwa imepotea, ao karte roze imepotea, enda polisi siku ileile ukaombe karatasi ya kutangaza upotevu. Watu wanaichelewesha kwa kuona ni gharama ya bure, lakini plake yako ikifungwa kwenye remorke ya mwizi, ile tarehe ya polisi ndiyo itakutetea.

Kwa sheria ya Kongo, plake na karte roze vinatolewa na DGI, idara ya kodi. Ili kupata duplikata, jitayarishe na barua ya kuomba, karatasi ya upotevu, kitambulisho cha mwenye mali, fotokopi za zamani, na karatasi ya kununua ao ya duane kama remorke ilitoka inje.

Hapa kwetu kuko shida ingine. Kiwanja iko mikononi mwa M23 tangu Oktoba 2022, Goma tangu Januari 2025, na Kinshasa haitambui utawala huo. Mwenye remorke inayopanda mpaka Butembo ao Beni anapashwa kuchunga karte roze yake ya zamani, hata ikiwa imechanika, pamoja na kila risiti. Usikubali mtu akuchukulie orijinali bila kukuachia karatasi yenye kashe.

Remorke za Kenya, ambazo plake zao zinaanza na herufi Z, hazibadilishiwi plake huku. Dereva achukue karatasi ya upotevu kwa polisi ya mahali ilipopotelea, halafu mwenyewe aombe ingine kwao.

Na kile kibao cha mbao chenye nambari ya rangi, ambacho mafundi wanapigilia nyuma? Kinasaidia mtu kusoma nambari kwa mbali. Lakini si plake.